Waliozaliwa na Walioundwa

Leo nazungumzia filamu moja tu, na nitaisimulia mpaka mwisho wake, kwa sababu jambo ninalotaka kulisema limo katika mwisho huo. Ambaye hajaitazama na hapendi kuharibiwa uhondo, basi na apunguze sauti, tutakutana wiki ijayo. Filamu yenyewe ni Blade Runner 2049. Ilitoka Oktoba 2017, na mwongozaji wake ni Denis Villeneuve, Mkanada wa Quebec.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunaijua sheria isiyoandikwa: stering hafi. Atapigwa, atadondoshwa kutoka ghorofani, atapoteza ndugu zake wote, lakini atafika mwisho kwa sababu filamu ni yake. Tena, hasa kwenye zile filamu za Kihindi zilizotuliza machozi, stering ana siri ya kuzaliwa. Ametengana na wazazi akiwa mchanga, amelelewa na maskini, kisha siku moja kidani au alama ya mwilini inamtambulisha kuwa mwana wa nyumba kubwa. Tunafurahi, maana haki imemrudia mwenyewe. Blade Runner 2049 inatupa stering wa aina hiyo hiyo, mwenye siri na mwenye alama. Inatuacha tumshangilie kwa karibu saa mbili, halafu inamwambia, akiwa amejeruhiwa na hana pa kwenda, kwamba mtoto anayetafutwa si yeye. Naipenda filamu hii kwa sababu ya dakika hiyo, na zaidi kwa sababu ya anachokifanya baada yake.

Kwanza dunia yenyewe. Mwaka ni 2049, mji ni Los Angeles, Marekani. Katika miaka ya 2020 mazingira yaliharibika kiasi kwamba mashamba yalikufa na njaa ikaingia. Tajiri mmoja, Niander Wallace, akagundua njia ya kutengeneza chakula, akawaokoa watu, na kwa kuwaokoa akawatia mkononi. Kabla ya hapo, mwaka 2022, lilitokea giza kuu. Umeme ukakatika siku kumi, na kumbukumbu zilizohifadhiwa kwenye mitambo zikafutika karibu zote, ikabaki karatasi. Bahari imepanda hadi mji umejengewa ukuta mkubwa wa kuizuia. San Diego imegeuzwa jalala la Los Angeles. Las Vegas, mji wa kamari na taa, haina mtu, imejaa mionzi, na hewa yake ina rangi ya chungwa kuanzia ardhini hadi angani. Rangi hiyo haikubuniwa mezani. Watengenezaji walizitazama picha za dhoruba ya vumbi iliyoufunika mji wa Sydney, Australia, Septemba 2009. Ukiziona picha hizo utaamini kwamba dunia inaweza kuwa hivyo siku ya kawaida ya kazi.

Katika dunia hiyo wanaishi watu wa aina mbili. Kuna waliozaliwa, na kuna walioundwa. Walioundwa ni androidi, ingawa filamu inawaita replikanti. Usiwafikirie kuwa ni mabati na nyaya. Ni nyama na damu, wanaumia, wanakula, wanaogopa. Wanatolewa kiwandani wakiwa watu wazima, wana namba ya usajili mwilini, na kichwani wamewekewa kumbukumbu za utoto ambao hawakuwa nao. Wanauzwa kwa kazi: vita, ujenzi, danguro, makoloni ya sayari nyingine. Wale wa zamani waliasi, wakapigwa marufuku. Wallace akaleta toleo jipya lenye utii, na sheria ikalegezwa.

Stering wetu, K, anayeigizwa na Ryan Gosling, ni mmoja wa hao wapya. Kazi yake ni polisi, na kazi ya polisi huyu ni kuwasaka replikanti wa zamani na kuwaua. Ofisini hawasemi kuua, wanasema kustaafisha. Akirudi kazini anaketi kwenye chumba cheupe, mtambo unamuuliza maswali kwa kasi, naye anatakiwa ajibu kwa maneno yale yale aliyofundishwa, bila sauti kutikisika. Sauti ikitikisika, maana yake amehisi kitu, na aliyehisi kitu naye ni wa kustaafishwa. Nyumbani, majirani wanamtukana ngazini. Mlango wake umeandikwa tusi. Anafungua, anaingia, anapika chakula cha bei rahisi. Hajibu.

Filamu inaanzia kwenye shamba la Sapper Morton, replikanti wa zamani aliyejificha kama mfugaji wa funza wa protini. Anaigizwa na Dave Bautista, yule bonge la mtu tuliyemjua kwenye mieleka. Hapa amevaa miwani midogo na anazungumza polepole kama mwalimu mstaafu. Jikoni kuna sufuria inachemka. Anachemsha kitunguu saumu, anachojilimia mwenyewe, kwa hamu yake tu. Mtu aliyeundwa kwa ajili ya vita, akiachwa huru, anapanda kitunguu saumu. Villeneuve hakiongezei neno kitu hicho, na sufuria inaendelea kutokota huku K akimpiga risasi mwenye nyumba.

Nje kuna mti mkavu, umezuiwa kwa waya usianguke, na chini yake kimezikwa kisanduku. Ndani mna mifupa ya mwanamke aliyekufa akijifungua. Wataalamu wa polisi wanaikuza picha ya mfupa na kuona namba ya usajili. Marehemu alikuwa replikanti. Aliyeundwa amezaa.

Kuanzia hapo kila mwenye nguvu anamtaka mtoto huyo, na kila mmoja ana sababu yake. Luteni Joshi, bosi wa K, anayeigizwa na Robin Wright, anataka mtoto auawe na ushahidi uchomwe, kwa sababu akijulikana, mpaka kati ya waliozaliwa na walioundwa utavunjika na vita vitazuka. Wallace, anayeigizwa na Jared Leto, anataka mtoto apasuliwe achunguzwe, ili replikanti wazaliane wenyewe. Kiwanda chake hakiwezi kutengeneza watumwa wa kutosha kwa sayari anazotaka kuzitawala. Na kuna Freysa, kiongozi wa waasi, anayeigizwa na Hiam Abbass, Mpalestina. Yeye anamtaka mtoto awe bendera. Kwake, kama sisi tunaweza kuzaa, basi sisi si mali ya mtu.

Wengi walioandika kuhusu filamu hii wanaishia hapo: kwamba kuzaliwa ni uthibitisho wa ubinadamu. Mimi nadhani filamu yenyewe haikubaliani nao, na historia haikubaliani nao kabisa.

Hadithi imewekwa Marekani, basi tuichukue Marekani. Mwaka 1662 koloni la Virginia lilitunga sheria kwamba mtoto anafuata hali ya mama yake. Mama mtumwa, mtoto mtumwa, hata kama baba ni bwana mwenye shamba. Mwaka 1808 uingizaji wa watumwa kutoka nje ukapigwa marufuku. Je, utumwa ulipungua? Watu walioletwa moja kwa moja kutoka Afrika hadi eneo lile katika miaka yote ya biashara hiyo wanakadiriwa kuwa takriban laki nne. Lakini kufikia mwaka 1860 watumwa nchini Marekani walikaribia milioni nne. Hawakuundwa kiwandani. Walizaliwa. Tumbo la mama lilikuwa ndilo kiwanda, na mwenye shamba aliandika watoto kwenye daftari lake la mali. Ndoto ya Wallace si ndoto ya kesho hata kidogo. Ni hesabu iliyokwisha kufanywa, na jawabu lake linajulikana.

Na sisi wa pwani tusitazame pembeni. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikafutwa kisheria pale mwaka 1897. Kabla ya hapo, humu mwetu, walikuwapo wazalia, watumwa waliozaliwa hapa hapa na wazazi watumwa. Waliongea lugha yetu, waliswali nasi, walikuwa na heshima zaidi kidogo kuliko yule aliyeshushwa juzi kutoka bara, na haikuwa kawaida kuwauza. Lakini walikuwa watumwa. Kuzaliwa kuliwapa lugha na jirani, hakukuwapa uhuru. Anayemwambia mtu aliyekandamizwa kwamba siku utakapothibitisha umezaliwa kama mimi nitakuheshimu, huyo anatafuta muda tu. Mkandamizaji hajawahi kushindwa kwa ushahidi wa daktari.

Filamu inalijua hili. K, akimsaka mtoto, anafika San Diego, kwenye lile jalala. Katika meli na mabati yaliyoporomoka kuna jengo kubwa linaloitwa nyumba ya yatima. Ndani wamekaa watoto, mamia kwa macho, vichwa vimenyolewa, wameinama juu ya vifaa chakavu vya elektroniki wakivichambua kutoa madini ya nikeli, ambayo yanapelekwa kwenye vyombo vya kwenda sayari nyingine. Msimamizi wao, anayeigizwa na Lennie James, anawapigia kelele, na K anapoonekana anadhani mteja amekuja kuchagua mtoto. Sasa nisikilizeni. Watoto hawa ni watu. Walizaliwa na mama. Hawana namba kwenye mfupa. Katika dunia ambayo kila mtu anapigana juu ya nani amezaliwa na nani ameundwa, hawa wamezaliwa na hakuna anayewahesabu. Luteni hawataki, Wallace hawataki, na Freysa hawataji. Onyesho hilo ni la dakika chache tu, na wapo watazamaji wanaoliona kama kituo cha kupita njiani kuelekea kwenye siri ya K. Kwangu mimi hapo ndipo filamu ilipoweka kauli yake.

K mwenyewe hawatazami sana. Ana lake moyoni. Kichwani mwake ana kumbukumbu ya kukimbizwa na wavulana ndani ya jengo kama hili, akiwa ameshika farasi mdogo wa mbao, akamficha ndani ya tanuru. Siku zote aliamini kumbukumbu hiyo ni ya kubandikwa. Lakini chini ya farasi kulichongwa tarehe, 6.10.21, na tarehe hiyo hiyo ameikuta imechongwa kwenye ule mti wa kaburi. Anaingia kwenye tanuru, anapapasa kwenye majivu, anamtoa farasi. Yupo. Gosling haigizi kwa uso mkubwa. Anakaa tu na kile kipande cha mbao mkononi, na wewe mtazamaji unajua kilichompitia: mimi nilizaliwa, mimi nilikuwa na mama.

Anampeleka farasi kwa fundi wa mtaani, Doc Badger, apimwe. Hapa nisimame kidogo kwa sababu ya jirani yetu. Doc Badger ni Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu aliyefika Minneapolis akiwa kijana, yule aliyeteuliwa kuwania Oscar kwa filamu ya Captain Phillips ya mwaka 2013. Na ndani ya Los Angeles ya 2049 anazungumza Kisomali. Ni kitu kidogo, lakini nilikipenda kwa dhati. Filamu za siku zijazo zimezoea kuupamba mji kwa maandishi ya Kijapani, kana kwamba Waasia ndio wenzao pekee watakaofika kesho. Hapa lugha ya pembe yetu ya Afrika imefika, tena mdomoni mwa fundi anayejua thamani ya kitu. Katika dunia isiyo na miti, kipande kile cha mbao halisi ni utajiri, na mionzi iliyomo ndani yake inaonyesha kilikotoka: Las Vegas.

Hata hivyo lipo lawama ambalo siwezi kulimeza. Filamu inayozungumzia utumwa kwa saa mbili na dakika 43 imewaweka weusi pembezoni: msimamizi wa watoto, fundi wa mtaani, askari wa maabara. Wanaoteseka katikati ya kioo, wale tunaoombwa tuwalilie, karibu wote ni weupe. Historia imeazimwa kwa wenyewe na wenyewe hawakualikwa mezani. Na wanawake je? Joshi anachomwa kisu. Mwanamke mpya, aliyetoka tu kwenye mfuko wa kiwandani, uchi, anatetemeka, Wallace anampasua tumbo kwa sababu halitazaa. Nakala ya Rachael, yule marehemu wa kisandukuni, inapigwa risasi. Luv, mtumishi wa Wallace, anazamishwa majini. Najua filamu inataka tuuchukie ukatili huo. Lakini kamera inakaa nao muda mrefu kuliko inavyokaa na maisha yao.

Joi ni kisa tofauti, na hapo Villeneuve ameniweka njia panda. Joi, anayeigizwa na Ana de Armas wa Kuba, ni taswira ya mwanga, bidhaa ya kampuni ya Wallace, mke wa kununuliwa dukani asiye na mwili. Anamsubiri K, anambadilishia nguo kwa kupepesa macho, anampa jina, Joe, jina la mtu. K anampenda, na hakuna mwingine wa kumpenda. Baadaye, kifaa kilichombeba Joi kikiwa kimekwisha kusagwa kwa kiatu, K anapita darajani usiku na tangazo kubwa kama jengo linainama kumsemesha. Ni Joi yule yule, uchi, macho meusi, anauza huduma. Anamwita kwa lile lile jina, Joe. Je, jina alilopewa kwa mapenzi lilikuwa jina la kila mteja? Filamu haijibu. Nimesikia watu wakisema tukio hilo linathibitisha Joi hakumpenda. Sikubaliani. Linathibitisha tu kwamba K hawezi kujua, na kwamba kampuni iliyomuuzia haikutaka ajue.

Na kabla ya daraja hilo ndipo alipoambiwa ukweli. Huko Las Vegas alimkuta Deckard, Harrison Ford yule yule wa Blade Runner ya kwanza, ya 1982, amezeeka, anaishi na mbwa na chupa za wiski ndani ya hoteli tupu. Deckard ndiye baba. K anaamini amempata baba yake. Luv anafika na kikosi, Deckard anachukuliwa, K anaachwa chini. Waasi wanamwokota, na Freysa anamweleza kwa upole kwamba mtoto alikuwa wa kike. Kumbukumbu ya farasi ni ya kweli, lakini ni ya mtu mwingine. Ni ya Ana Stelline, msichana anayeishi peke yake ndani ya chumba cha vioo kwa sababu kinga ya mwili wake ni dhaifu, na kazi yake ni kuwatungia replikanti kumbukumbu. Mateso yake ya utotoni aliyaingiza katika vichwa vya wengine. K alikuwa amekwisha kumwonyesha kumbukumbu ile, na Ana alilia. K akadhani anamlilia yeye.

Freysa anajua K anaumia. Anamwambia kila mmoja wao aliwahi kutamani kuwa mtoto huyo. Kisha anampa kazi: Deckard auawe kabla Wallace hajamtoa siri. Kwa hiyo K sasa ana amri mbili za kuua, moja ya serikali na moja ya mapinduzi, na zote zina hoja. Hii ndiyo sababu nasema filamu hii ina akili kuliko nyingi za aina yake. Haikumweka mwema upande mmoja na mwovu upande wa pili. Freysa ana haki kuliko wote, na bado anachomwomba K ni kile kile Joshi alichomwomba: muue mtu kwa ajili ya jambo kubwa.

K hafuati amri hata moja. Analivamia gari linalompeleka Deckard, kwenye ule ukuta wa bahari, usiku, mawimbi yakipiga. Anapigana na Luv ndani ya maji mpaka anamshinda, akiwa amechomwa kisu tumboni. Anawaachia Wallace na Freysa waamini Deckard amezama. Kisha anampeleka mzee yule mlangoni kwa binti yake, anamkabidhi farasi, na kumwambia aingie. Yeye anabaki nje kwenye ngazi, theluji inaanguka. Hakuna aliyemtuma, hana undugu nao, hatapata cheo, na hakuna atakayejua. Kila mtu alimtaka yule mtoto kwa ajili ya kitu. K peke yake ndiye aliyeona kwamba huyu ni mzee ambaye hajawahi kumwona mwanawe, akamfikisha.

Ili kuelewa kwa nini hilo lina uzito, turudi kwenye chimbuko. Mwaka 1968 Mmarekani Philip K. Dick alichapisha riwaya iitwayo Do Androids Dream of Electric Sheep? Ndani yake vita vya dunia vimekwisha kupita, vumbi la sumu limeua wanyama, bundi wakitangulia, na watu waliobaki wanapimana heshima kwa kumiliki mnyama aliye hai. Deckard wa riwaya ana kondoo wa umeme juu ya paa, na anawaficha majirani aibu hiyo. Anaua androidi ili apate fedha za kununua mnyama wa kweli, na ananunua mbuzi. Kipimo cha kumtambua androidi katika riwaya hakipimi akili wala damu. Kinapima kama unahisi uchungu wa mwingine, na maswali mengi ni ya wanyama. Dick alieleza kwamba wazo lilimjia aliposoma shajara za askari wa SS wa Hitler waliokuwa Poland, ambako mmoja wao alilalamika kwamba vilio vya watoto wenye njaa vilimnyima usingizi. Dick akajiuliza huyu ni kiumbe gani, aliyezaliwa na mama kama mimi, mwenye akili kama mimi, anayesikia hivyo. Kwa Dick, basi, asiye mtu angeweza kuwa amezaliwa vizuri kabisa. Alifariki tarehe 2 Machi 1982, miezi isiyofika minne kabla filamu ya kwanza, ya Ridley Scott, haijaingia kwenye majumba ya sinema.

Filamu ile ya kwanza haikupokewa vizuri ilipotoka, ikaja kuheshimiwa baadaye. Hii ya pili iligharimu zaidi ya dola milioni 150 na ikakusanya takriban milioni 260 duniani kote. Ukitoa fungu la majumba ya sinema na gharama za matangazo, wenye fedha walipata hasara. Walilaumu urefu wake na ukimya wake. Mimi ukimya huo nautetea. Roger Deakins, mpiga picha mkuu, aliwahi kuteuliwa kuwania Oscar mara 13 bila kushinda, na kwa kazi hii akaipata. Sehemu kubwa ilipigwa Budapest, Hungaria, kwenye seti zilizojengwa kweli, na majengo mengi ya mji ni mifano midogo iliyotengenezwa na mafundi wa Weta Workshop, New Zealand. Mwanga unaopita ukutani kwenye ofisi ya Wallace, ukitembea kama maji, ni taa halisi zilizosogezwa. Waigizaji walisimama, wakausubiri mwanga ule uwafikie. Ndiyo maana unaona watu wanaofikiri kabla ya kusema, kitu ambacho filamu za siku hizi haziwapi waigizaji nafasi ya kukifanya. Mwenye haraka ataiona ni ndefu. Mwenye subira ataona sufuria ya kitunguu saumu.

Umekwisha kutangazwa mfululizo wa televisheni, Blade Runner 2099, ambao Michelle Yeoh ameigiza ndani yake. Ombi langu kwa waandishi wake ni moja. Ana Stelline alizaliwa 2021, na mwaka 2099 atakuwa na miaka 78 kama bado yupo. Mwacheni apumzike. Wallace hakuuawa, Freysa bado ana jeshi lake, na najua kishawishi cha kumtoa yule mwanamke kwenye vioo vyake ili awe bendera au mali kitakuwa kikubwa. Lakini wale watoto wa San Diego, wenye umri wa miaka minane, tisa, kumi mwaka 2049, watakuwa wazee wa karibu miaka sitini, wenye mapafu yaliyokula vumbi la betri na vidole vilivyokatwa na bati. K aliingia kwenye jengo lao, akachukua farasi, akaondoka, na hakuna aliyerudi. Mimi hao ndio ninaotaka kujua walifikia wapi.